Taksi Isiyo na Dereva: Tumwamini Nani?



Somo la leo halikutoka katika kitabu. Lilitoka katika simu ya kijana mmoja wa kiwandani, jioni moja tulipokuwa tumekutana hapa Rumonge kuzungumza habari ya mizani ya chikichi. Kabla ya mkutano kuanza kijana huyo alituonyesha picha zinazokwenda: taksi nyeupe katika mji wa Marekani, abiria wawili nyuma wanacheka, kiti cha mbele hakina mtu, na usukani unajizungusha wenyewe. Mzee mmoja wa shamba la michikichi alitazama kidogo, akasema hayo ni mambo ya mashetani, akarudisha simu. Ndugu mwingine, anayeendesha Probox kati ya Rumonge na Bujumbura, hakucheka wala hakushangaa. Aliuliza swali moja tu: "Likigonga mtu, anafungwa nani?"

Usiku ule mizani tuliijadili kwa shida, maana kila mara watu walirudi kwenye taksi. Ndipo tukaona afadhali jambo lenyewe tulifanye somo, kwa sababu swali la ndugu yetu dereva linatuhusu sisi wa mashine na wa mashamba kuliko linavyoonekana. Mizani tutairudia mwishoni.

Kwanza tukieleze kitu chenyewe. Gari lile si la mashetani. Ni gari kama mengine, lina breki, lina usukani, lina magurudumu manne. Kilichoongezwa ni macho na akili ya kuhesabu. Juu ya paa na pembeni kuna kamera, kuna rada kama ile ya meli, na kuna chombo kinachotupa miale ya mwanga ambayo jicho la mtu haliioni. Miale ikigonga kitu inarudi, na chombo kinapima kitu kile kiko umbali gani. Habari zote zinaingia katika kompyuta iliyomo garini. Kompyuta inalinganisha inachokiona na mamilioni ya picha ilizofundishwa: hiki ni mti, hiki ni kitoto, hii ni baiskeli. Halafu inakisia kitu hicho kitakwenda wapi katika nukta zinazofuata, na inaamua kukanyaga breki au kuendelea.

Tunasema inakisia, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Hata dereva wetu anakisia anapoona mbuzi kando ya njia pale Minago. Tofauti ni kwamba dereva amekua pamoja na mbuzi, na kompyuta imeonyeshwa picha zake.

Kampuni ya Waymo, ambayo mwenye nayo ni yule yule mwenye Google, ilianza mwezi wa Oktoba 2020 kubeba watu wa kawaida bila mtu kwenye usukani, huko Phoenix katika jimbo la Arizona. Baadaye ikaingia San Francisco, Los Angeles, Austin na miji mingine. Huko China kampuni ya Baidu inafanya kazi hiyo katika mji wa Wuhan na kwingineko, na taksi zake zinaitwa Apollo. Wavuvi wa ziwa letu watacheka wakisikia, maana jina hilo hilo waliwahi kulipa vyombo vyao vikubwa vya kuvulia ndagala kwa taa. Na mwishoni mwa mwaka 2025 taksi za namna hiyo zilianza kubeba abiria Abu Dhabi bila mtu ndani. Nchi za Ghuba ndiko wanakokwenda wenzetu wengi wa Kenya na Uganda kutafuta kazi ya udereva. Kwa hiyo habari haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa.

Hapa kwetu haijafika, wala haitafika kesho. Gari la namna hiyo linataka ramani iliyopimwa kwa uangalifu mkubwa na barabara inayofanana na ile ya jana. Sisi, katika miaka hii ya shida ya mafuta, tumemzoea zaidi dereva asiye na gari kuliko gari lisilo na dereva.

Sasa tuulize: kuamini ni nini?

Ukitoka Rumonge kwenda Bujumbura, kilomita 75 hivi, unampa mtu mwingine roho yako. Upande mmoja kuna mlima unaoporomoka wakati wa mvua, upande wa pili kuna ziwa. Katikati kuna baiskeli zenye mabidoni ya mawese, akina mama wenye mihogo kichwani, watoto wanaotoka shule. Ziwa lilipopanda mwaka 2024 na kuingia katika mitaa ya pwani, tuliona jinsi maji yanavyoweza kubadili njia katika msimu mmoja. Hata hivyo unapanda. Kwa nini? Kwa sababu dereva unamjua, au unamjua anayemjua. Mama yake anauza ndagala sokoni. Ana perimi, gari lina asiransi, na kwenye kizuizi polisi anaweza kumteremsha. Zaidi ya hayo yote, yeye mwenyewe amekaa mbele. Gari likitumbukia ziwani, yeye ni wa kwanza. Dhamana hiyo inapita karatasi zote.

Lakini tusidanganyane, ndugu. Dereva huyo huyo anayefahamika mara nyingine amelewa. Mara nyingine amebeba watu tisa katika gari la watano. Mara nyingine hajalala tangu juzi. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikufa katika nchi zenye kipato kidogo au cha kati, yaani nchi za watu kama sisi. Wafanyakazi wengi tuliowazika hawakufia kiwandani. Walifia njiani kwenda au kutoka kazini. Na ukimchunguza dereva anayekimbia, nyuma yake mara nyingi utamkuta mwenye gari anayengoja fedha yake ya jioni, mvua inyeshe isinyeshe.

Kwa hiyo anayesema mashine inaweza kuokoa watu hasemi upuuzi. Mwaka 2024 Waymo na kampuni ya asiransi iitwayo Swiss Re walitoa hesabu yao. Katika maili milioni 25.3, ambazo ni zaidi ya kilomita milioni 40, madai ya watu walioumizwa na magari hayo yalikuwa pungufu kwa asilimia 92 kuliko yale ya magari yanayoendeshwa na watu. Hesabu hiyo tusiidharau. Mashine hailewi, hailali, haina haraka ya kuwahi foleni ya mafuta. Ila tukumbuke kwamba aliyehesabu ni mwenye gari, pamoja na mwenzake wa asiransi, na miji ya kutembelea aliichagua mwenyewe. Sisi tunaolipwa kwa mizani ya mtu mwingine tunajua maana ya jambo hilo bila kufundishwa.

Tena mashine ina makosa ya aina yake, ambayo binadamu hayafanyi. Tarehe 20 Desemba 2025 moto ulitokea katika kituo cha umeme mjini San Francisco, umeme ukakatika katika mitaa mingi, na taa za kuongoza magari zikazimika. Taksi nyingi za Waymo zilisimama katika njia panda, zikaziba barabara, mpaka kampuni ikasimamisha kazi kwa muda. Dereva wa Burundi angeshangaa kusikia kwamba umeme kukatika ni dharura. Na huko Austin, mwaka huo huo wa 2025, magari hayo yalionekana mara nyingi yakilipita basi la shule lililosimama kushusha watoto, jambo ambalo sheria ya kule inalikataza kabisa. Kampuni ikalazimika kurekebisha akili ya magari yake zaidi ya elfu tatu. Tazama vizuri: dereva mmoja mbaya anapita basi moja, lakini kosa likiwa ndani ya akili ya mashine, magari yote yanalo siku moja.

Hata hivyo jambo kubwa tunalotaka mlichunguze ni lile la mji wa Tempe, Arizona. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumwua mama wa miaka 49 aliyekuwa akivuka barabara na baiskeli yake mkononi. Gari lilikuwa likijiendesha, lakini kwenye usukani alikuwapo mfanyakazi, aliyewekwa hapo ili aingilie mashine ikikosea. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikuta nini? Walikuta kwamba mashine ilimwona yule mama zaidi ya nukta tano kabla ya kumgonga. Ilimwona, lakini haikujua ni nini. Mara ilimwita gari, mara kitu kingine, mara baiskeli, na kila ilipobadili jina ilianza kukisia upya. Haikufundishwa kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na alama. Walikuta pia kwamba breki ya dharura ya kiwandani, ile aliyoiweka mtengenezaji wa gari, ilikuwa imezimwa wakati gari linajiendesha. Na walikuta kwamba mwanzoni kila gari lilikuwa na wafanyakazi wawili, mmoja wa kutazama njia na mwingine wa kutazama mashine, na miezi michache kabla ya ajali kampuni ilibakiza mmoja.

Yule mmoja aliyebaki alikuwa akitazama simu yake. Hilo ni kweli, na ni kosa. Wachunguzi walisema hivyo, wakasema pia kwamba kampuni haikuwa na utaratibu wa kutosha wa usalama na kwamba jimbo halikusimamia vya kutosha. Lakini mahakamani alikwenda nani? Mwezi wa Machi 2019 mwendesha mashtaka alitangaza kwamba hakuona msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Mwaka 2020 mfanyakazi alishtakiwa kwa kusababisha kifo. Julai 2023 alikiri kosa dogo zaidi, la kuhatarisha maisha ya mtu, akapewa miaka mitatu ya kuwa chini ya uangalizi. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa ndugu yetu wa Probox. Mashine iliendesha, na mfanyakazi akahukumiwa.

Tuliposoma habari hii hatukulala vizuri, na tutawaambia sababu. Miaka mingi iliyopita, katika kiwanda kimoja ambacho hatutakitaja, mashine ya kukamua ilikuwa na watu wawili. Mmoja alilisha, wa pili alikaa karibu na swichi. Mashine ilikuwa na kizuizi cha chuma mbele ya meno. Siku moja kapita akamwondoa mtu wa swichi akapakie lori, kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi. Siku nyingine kizuizi kikafunguliwa, kwa kuwa kilipunguza mwendo, na hakikurudishwa. Tulifanya kazi hivyo kwa majuma mengi, tukazoea. Kisha mashine ikachukua mkono wa mwenzetu mpaka kiwiko.

Karatasi ya ajali iliandikwa siku hiyo hiyo. Ilisema: uzembe wa mfanyakazi, hakuwa akitazama kazi yake. Wakatafutwa mashahidi waliokuwa karibu, nasi tukatia saini. Tulikuwa na watoto nyumbani na tuliogopa. Karatasi ile haikuwa uongo, kwa maana ni kweli mwenzetu aligeuza kichwa alipoitwa. Lakini ilianza mahali alipogeuza kichwa, haikuanza pale mtu wa swichi alipoondolewa. Kwa karatasi hiyo alipata taabu kubwa kudai haki yake. Tangu siku ile hatuwezi kusikia neno "uzembe" bila kuuliza: walikuwa wangapi mwanzoni, na nani aliwapunguza?

Turudi kwenye taksi. Tarehe 2 Oktoba 2023 huko San Francisco, gari lililoendeshwa na mtu lilimgonga mwanamke, likamtupa mbele ya taksi ya kampuni ya Cruise, na aliyemgonga kwanza akakimbia. Taksi ya Cruise ilimgonga, ikasimama. Halafu, kama ilivyofundishwa kufanya baada ya ajali, ikajisogeza kando ya njia. Mwanamke alikuwa chini yake, akaburutwa mita zipatazo sita. Dereva yeyote angesikia kilio. Lakini kilichoiangusha Cruise hakikuwa ajali yenyewe. Kampuni haikueleza wazi kwa wenye mamlaka habari ya kuburutwa. Ruhusa yake ya kubeba watu bila dereva huko California ilisimamishwa tarehe 24 Oktoba, na Desemba wafanyakazi wapatao 900 wakaachishwa kazi. Mwaka 2024 kampuni ilikubali kulipa faini ya dola 500,000 kwa kutoa taarifa ya uongo, na Desemba ya mwaka huo mwenye nayo, General Motors, akaacha kabisa biashara ya taksi hizo. Waliopoteza kazi wengi hawakuandika taarifa ile.

Jambo jingine ni la kuchekesha kidogo. Septemba 2025 polisi wa San Bruno, California, walisimamisha taksi iliyogeuka mahali palipokatazwa. Wakachungulia: hakuna mtu. Wakashindwa kuandika faini, wakapiga simu kwenye kampuni, na baadaye wakasema vitabu vyao vya faini havina nafasi ya roboti. Sheria ya kuwaruhusu polisi kuiandikia kampuni yenyewe ilitiwa saini mwaka 2024, ikapangiwa kuanza kazi Julai 2026. Yaani magari yalitembea barabarani miaka mingi kabla ya sheria kujua imwandikie nani karatasi. Jaribu wewe kupita kizuizini bila perimi uone kama watangoja miaka.

Ndugu mmoja alituuliza: kama hakuna dereva, basi hakuna mfanyakazi? Hapo ndipo watu wanapodanganywa zaidi. Wafanyakazi wapo, ila wameondolewa mahali wanapoonekana. Mwaka 2023 gazeti la New York Times lilieleza kwamba Cruise ilikuwa na watu watatu kazini kwa kila magari mawili, na kwamba waliokaa ofisini walilazimika kuyasaidia magari kila baada ya kilomita chache. Nao waliofundisha mashine kutambua mti na mtoto wako wapi? Wengine wako Nairobi. Mwaka 2018 BBC ilieleza habari za vijana wa mtaa wa Kibera waliofanya kazi katika kampuni ya Samasource. Siku nzima waliketi mbele ya kompyuta wakichora mstari kuzunguka kila gari, kila mtu na kila alama ya njia katika picha, ili magari ya kujiendesha yajifunze. Walipata dola 9 hivi kwa siku. Watu hao wameyapa macho magari ambayo pengine hawatayapanda.

Machi 2024 wengine waliofanya kazi za namna hiyo majumbani, kwa njia ya Remotasks, walifungiwa kazi nchini Kenya kwa ujumbe wa barua ya kompyuta. Hapakuwa na kapita wa kumwendea wala lango la kiwanda la kusimama mbele yake. Lakini wenye kazi za kompyuta wameanza kujipanga. Siku ya wafanyakazi, tarehe 1 Mei 2023, watu zaidi ya 150 wanaochuja picha na maandishi mabaya kwa ajili ya makampuni makubwa walikutana Nairobi, wakapiga kura ya kuunda chama chao. Kazi yao si ile ya picha za magari, lakini ni jirani yake, na njia waliyoifungua inaweza kupitwa na wengine.

Habari ya kazi za madereva tutaipita haraka, kwa kuwa kila mmoja anaielewa. Wuhan, mwaka 2024, safari ya kilomita kumi kwa taksi isiyo na mtu iligharimu yuani 4 mpaka 16, na kwa taksi ya mtu yuani 18 mpaka 30. Madereva wakalalamika, na wenye taksi wakapeleka maombi kwa wakubwa wa mji. Bei ile haikuwa bei ya gharama. Kampuni tajiri inaweza kula hasara mpaka mwenzake afe, na ikibaki peke yake itapanga bei ipendayo. Huko California chama cha Teamsters kilipigania sheria ya kulazimisha mtu awemo katika malori makubwa yanayojiendesha. Bunge la jimbo likapitisha, gavana akakataa mwaka 2023, na mwaka 2024 akakataa tena. Sisi wa Burundi tunakumbuka Machi 2022, wakati taksi-moto, taksi-velo na tuku-tuku zilipozuiwa kuingia katikati ya Bujumbura kwa sababu ya ajali. Vijana wengi wa huku waliokuwa wakitafuta riziki kule walirudi nyumbani. Hatusemi usalama si kitu. Tunasema kwamba aliyepoteza kazi kwa ajili ya usalama wa wote hakuulizwa atakula nini.

Basi tungepanda taksi ile? Katika mkutano wetu wa pili wengine walisema ndiyo, wengine hapana, na yule mzee bado anasema mashetani. Sisi tunasema hivi: tungeipanda katika mji ambao ajali zote zinaandikwa na mtu asiye mwenye gari, na ambao jina la mwenye kujibu limeandikwa kabla gari halijatoka gereji. Mahali pasipo na mambo hayo, hata likiwa na kamera mia, tungetembea kwa miguu. Mashine peke yake haiaminiki wala haikosi kuaminika, kama vile panga la kukatia mikungu. Anayepasa kupimwa ni yule anayeitia kazini na kuondoka.

Matawi yatakaposoma somo hili, tunaomba lisomwe kwa sauti, kwa ajili ya wenzetu wasiojua kusoma. Kila mmoja ataje mashine moja anayoitumia au inayomtumia, aseme nani aliiangalia mara ya mwisho, na kama kuna mtu aliyeondolewa karibu nayo tangu ilipoletwa. Majibu yaandikwe. Mashine isiyo na jina la mwangalizi ipelekwe kwa mjumbe wa wafanyakazi kabla haijaumiza mtu, kwa maana baada ya ajali karatasi huandikwa haraka sana.

Na sasa mizani. Wengi mnajua kwamba kiwanja cha kupokea chikichi kitapata mizani ya umeme badala ya ile ya zamani ya chuma. Namba zitatokea katika kioo, na kioo kitamtazama karani. Baadhi ya wakata mikungu wanaifurahia, kwa kuwa mizani ya zamani ilijulikana kula kilo. Wengine wanaiogopa kwa sababu hawaoni ndani yake. Wote wana haki. Wajumbe wamekwenda kwa mwenye kiwanda na karatasi yenye maombi matatu. La kwanza, kila Jumatatu asubuhi, mbele ya wajumbe wawili, uwekwe juu ya mizani mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, na namba isomwe kwa sauti. La pili, kila mkata mikungu apewe kipande cha karatasi chenye kilo zake siku hiyo hiyo. La tatu ni lile lililotoka kwa ndugu wa Probox, ingawa yeye si wa kiwanda: liandikwe jina la mtu atakayejibu ikiwa mizani imekosea, na liandikwe atalipa kwa namna gani.

Mwenye kiwanda alikubali la kwanza na la pili bila maneno mengi. Kwa la tatu alijibu kwamba mizani ya umeme haikosei. Wajumbe watarudi kwake Jumatatu na karatasi ile ile.